Fedha ya Tatu

Novemba ikifika Ulaanbaatar
maji huganda ndani ya zege kabla zege halijashika,
na sisi wa kreni tunaambiwa: mpaka Aprili.
Nikashuka vidato vya chuma mia mbili na kumi,
nikaja kupanda ngazi nyingine, hii ya kioo,
chumbani kwa dada yangu Solongo,
kompyuta juu ya meza ya cherehani,
jiko la makaa likinguruma mgongoni.

Shaba, Fedha, Dhahabu, Almasi.
Mimi Fedha ya Tatu.
Solongo hucheka: fedha unayo, mfukoni huna.

Mechi ya kwanza tulishindwa kwa sababu ya mpiga mishale.
Ya pili, kwa sababu ya mtoto
(nilijua ni mtoto, mama yake alisikika akimwita akale).
Ya tatu, mtandao.
Ya nne, yule mponyaji
aliyekuwa akiponya miti.
Mechi arobaini na moja,
na katika zote mimi peke yangu sikuwa na kosa.
Waliosema kupanda mchongoma, kushuka ndiyo ngoma,
hawakuipanda Fedha:
hapa kushuka ni kama kukohoa.

Usiku mmoja nilikuwa nimekufa tena
kwenye kona ileile ya mto,
naandika matusi, vidole vinatetemeka.
Solongo akauliza, uzi mdomoni:
"Kule juu ya kreni, unatazama ndoano tu?"

Hapana. Kule juu natazama upepo kwenye maturubai,
kofia za njano zinavyosogea, nani kageuza kisogo,
kivuli cha mzigo kinavyotambaa
kabla mzigo haujafika.
Kule juu Dorjsuren ananiongoza kwa redio,
sauti kavu: shusha. Shusha. Subiri.
Sijamtukana Dorjsuren hata siku moja.
Chuma kina watu chini yake.

Nikairudia mechi iliyorekodiwa.
Ni aibu kujitazama ukifa polepole.
Ile ramani ndogo ya pembeni, kubwa kama stempu,
ilikuwa ikipiga kelele tangu mwanzo:
maadui wawili wametoweka upande wa juu,
mponyaji anakimbia kunifuata,
nami macho kwenye ndoano.
Vifo tisa. Saba mahali pamoja.
Na yule wa kuponya miti
alikuwa akiponya pale pale
nilipokuwa nimesimama sekunde moja kabla.

Nikachukua chaki ya Solongo ya kupimia nguo,
nikaandika ukingoni mwa kioo: CHINI.
Kila nikivuta pumzi, jicho kwenye ramani.
Nikaacha matusi, nikabaki na maneno mawili:
twende, subiri.
Mtu wa Irkutsk anayejiita Samaki Aliyechelewa
akajibu: nasubiri.
Sikumbuki lini mara ya mwisho
mgeni alinisubiri.

Msidhani nilipaa.
Desemba nilianguka hadi Shaba, wiki nzima,
nikaona haya hata kuitwa mezani.
Januari baridi ilifika nyuzi thelathini na tano chini ya sifuri,
umeme ukakatika tukiwa mlangoni mwa ushindi,
na Samaki akadhani nimemkimbia.
Siku mbili hakunijibu.

Dhahabu ilikuja usiku wa pili wa Mwezi Mweupe,
wageni wameondoka, sahani za buuz hazijaoshwa,
mafuta yameganda ukingoni.
Nembo ikang'aa sekunde nne, ikazimika.
Solongo amelala, utepe wa kupimia shingoni.
Sikumwamsha. Samaki akaandika:
kesho?

Aprili. Vidato mia mbili na kumi,
magoti yamelegea kwa kukaa.
Chini, Dorjsuren na kofia yake,
mdogo kama stempu.
Nikabonyeza redio: "Nakuona."
Akanyamaza kidogo.
"Sikukuuliza," akasema. "Shusha."